Nyumba ya Mzungu Kichwani kwa Mnyamwezi

Huku mji kasoro bahari jua la Januari linatukaanga kama kawaida. Leo nina mambo ya historia kichwani na nitaandika kirefu, kwa hiyo mnivumilie. Wale mliozoea stori za bumu na foleni ya kantini, rudini wiki ijayo, hehe.

Ukikaa pembeni ya barabara kuu pale Msamvu miezi hii, hukosi kuona yale magari ya Wazungu yanayoelekea Mikumi na Iringa. Gari lina namba za Ulaya, juu limefungwa hema, ubavuni madumu ya maji, nyuma baiskeli mbili. Ndani kuna kitanda, jiko, meza, mengine mpaka choo. Mimi nayaita magari-nyumba. Wenyewe mara nyingi ni wazee wastaafu, mume na mke, wanaokwenda taratibu mpaka Cape Town au wanatoka huko. Kwao sasa hivi ni theluji, kwa hiyo wameifuata joto, na sisi tuliozaliwa ndani ya joto tunawashangaa!

Jambo hilo ni kubwa huko duniani. Marekani kuna wastaafu wengi sana ambao kila majira ya baridi yakianza wanafunga nyumba zao za kaskazini, wanapanda gari-nyumba na kushuka kusini, Florida, Arizona, Texas mpaka karibu na mpaka wa Mexico. Wanakaa huko miezi kadhaa, kisha jua la kwao likirudi nao wanarudi. Wanawaita ndege wa theluji, kwa sababu wanahama kwa majira kama ndege.

Sasa sikilizeni hii. Waingereza ile nyumba ya magurudumu inayovutwa nyuma ya gari wanaiita caravan. Neno hilo asili yake ni Kiajemi, na maana yake ni msafara, yaani watu wengi wanaosafiri pamoja na mizigo yao. Ndiyo, msafara ule ule tuliosoma sekondari kwenye mada ya biashara ya masafa marefu. Nilipoligundua hilo nikaona tuna la kusema sisi watu wa Morogoro, maana nyumba zinazotembea zilishapita hapa miaka zaidi ya 150 iliyopita. Tofauti ni kwamba magurudumu yake yalikuwa watu.

Tuanze na mwaka 1857. Waingereza wawili, Richard Burton na John Speke, walivuka kutoka Zanzibar mwezi Juni, wakaingia bara na ilipofika Julai wakawa Zungomero, huko Kutu, kusini mwa milima yetu ya Uluguru, maeneo ya Kisaki ya leo. Zungomero wakati huo ilikuwa kituo kikubwa cha misafara. Watu walipumzika hapo, wakanunua chakula, wakatafuta wapagazi wa ziada, halafu wakakabili njia ya kupanda Usagara. Kutoka pwani mpaka Kazeh, yaani Tabora, iliwachukua siku 134. Leo basi likitoka Dar alfajiri, usiku huo huo uko Tabora unakula karanga.

Halafu njia ya kaskazini ya milima ikapata nguvu zaidi. Hii ilitoka Bagamoyo, ikavuka Ruvu, ikapita Mikese, Mikese hii hii mnayoijua, ikaja mpaka mji wa Simbamwene kando ya mto Ngerengere, chini ya milima. Yaani hapa hapa kwetu. Mji ulijengwa na Kisabengo, Mzigua, mtu wa vita aliyeogopwa kote Ukami. Henry Stanley alipopita Aprili 1871 akienda kumtafuta Livingstone, Kisabengo alishafariki na aliyetawala alikuwa binti yake. Stanley aliandika kwamba mji ulikuwa na ukuta wa mawe, minara minne kwenye pembe, na nyumba kama 1,000. Watu alikadiria kuanzia 3,000 hadi 5,000. Jamani, 1871! Wenzetu wengi wanadhani Moro ilianza na Wajerumani na reli yao.

Na Simbamwene ilikuwa mpaka hasa. Ukitoka pwani, mamlaka ya Sultani wa Zanzibar ilikuwa ikipungua kila hatua, na ukifika hapa ulikuwa mikononi mwa mwenye mji. Unalipa hongo ndipo unapita. Enzi zile hongo ilikuwa ushuru wa njia, kitu cha wazi kabisa, kama kizuizi cha maliasili barabarani leo. Binti Kisabengo alituma wajumbe kwa Stanley kudai chake, Stanley akakataa akisema msafara wake uliotangulia ulishalipa. Angalieni lugha ilivyosafiri: neno hongo leo likitajwa tu, unamfikiria mtu anayepokea kitu chini ya meza.

Tuje kwenye mzigo wenyewe. Mzungu wa safari alitembea na nini? Hema, kitanda cha kukunja, meza, kiti, masufuria, sanduku la dawa, vyombo vya kupimia njia, vitabu, bunduki na risasi. Hiyo ni nyumba yake. Juu ya hapo palikuwa na benki yake, maana fedha ya bara ilikuwa bidhaa: majora ya merikani na kaniki, ushanga wa rangi mbalimbali, na mizingo ya waya wa shaba. Stanley aligawa msafara wake mafungu matano, na jumla walikuwa watu 192. Mpagazi mmoja alibeba kama kilo 30, kichwani au begani, na waliobeba pembe za ndovu walizidisha hapo.

Utauliza, kwa nini wasitumie mikokoteni? Kule Afrika Kusini Makaburu walikuwa wakihama na magari ya kuvutwa na ng'ombe, yamefunikwa turubai juu, wanalala humo humo. Hilo hasa ndilo gari-nyumba la zamani. Hapa kwetu tatizo lilikuwa mbung'o. Wanyama wa kuvuta waliumwa nao na kufa. Stanley alianza na farasi wawili na punda 27. Farasi wote wawili walikufa mapema, na punda wengi wakaishia njiani. Alikuwa hata ametengenezesha kigari chembamba cha kupita kwenye vijia vyetu. Kigari kile kikawa mzigo kuliko msaada, mwisho mtu mmoja mwenye nguvu akawa anakibeba kichwani, gurudumu likiangalia juu! Hatimaye Stanley akaamuru kitupwe porini. Miaka michache baadaye, 1876 na 1877, wamisionari wa London walijaribu magari ya ng'ombe kwa njia ya Saadani, kaskazini ya hapa, nao ng'ombe wakawaishia. Kwa hiyo mtu hakubeba mzigo kwa sababu Mwafrika hakulijua gurudumu, kama vitabu vingine vinavyotaka tuamini. Katika njia hii, kwa wakati ule, mguu wa binadamu ndio uliofika.

Na hao watu walikuwa nani? Hapa ndipo wengi tunapopitwa. Wengi wao, hasa kwenye njia hii ya kati, walikuwa Wanyamwezi, na upagazi kwao ulikuwa kazi ya kuheshimika. Kijana aliyekwenda pwani na kurudi alionekana amekuwa mwanamume. Walikwenda kwa majira pia! Baada ya mavuno, kiangazi kikianza, misafara ilishuka pwani, kisha wengi walipanga kuwa nyumbani mvua zinapoanza ili walime. Wale wastaafu wa Marekani wanakimbia baridi, hawa walikimbizana na mvua, lakini wote wanaisoma kalenda ya anga kabla ya kufunga mzigo. Stanley hakuisoma. Aliondoka Bagamoyo tarehe 21 Machi 1871, masika yakamkuta njiani. Huko mbuga ya Makata, ukishapita Morogoro, maji yalijaa kila mahali, punda wakafa, mbwa wake akafa, yeye mwenyewe akashikwa na ugonjwa wa kuhara damu.

Msafara ulikuwa na utaratibu wake. Mbele alitangulia kirangozi, anayejua njia na kubeba bendera. Kila kundi lilikuwa na mnyapara wake. Kwenye sehemu kavu walikuwa na mtindo wanaouita terekeza: mnaondoka mchana, mnalala mahali pasipo na maji, kesho yake asubuhi mnayafikia. Ujira ulikubaliwa mapema, kwa vitambaa au fedha, na chakula cha kila siku kilikuwa posho, kwa kawaida kibaba kimoja cha nafaka kwa mtu. Posho ikichelewa, mizigo inawekwa chini na hakuna anayeondoka. Akidharauliwa sana, mtu anatoroka usiku. Wazungu waliandika kurasa na kurasa wakilalamikia uvivu na ukaidi wa wapagazi. Mimi nikisoma naona wafanyakazi waliojua mkataba wao. Wanachuo wenzangu, sisi ambao bumu likichelewa siku tatu chuo kizima kinachemka, tuna haki gani ya kuwaita wakaidi?

Mwaka jana nikiwa kwenye mazoezi ya kufundisha nilifika kwenye somo hili, kidato cha pili. Nimechora ramani ubaoni, mishale ya Burton huku, mishale ya Stanley kule, darasa limetulia. Binti mmoja wa dawati la mbele akanyoosha mkono: "Mwalimu, Stanley alilala kwenye hema. Huyo aliyelibeba hema alilala wapi?"

Darasa likacheka. Mimi sikucheka, maana lile ndilo swali. Andalio langu la somo lilikuwa na majina ya wavumbuzi, tarehe zao na "sababu za safari zao", na kitabu cha kiada nilichokuwa nacho kilikuwa hivyo hivyo. Nilimwambia tutalijibu kipindi kijacho, na jioni nikaanza kutafuta.

Jibu ni kwamba walilala kwenye nyumba zao wenyewe, walizozijenga kila jioni. Wakifika kambini, wengine wanakata matawi na nyasi, wengine wanachota maji, wengine wanatafuta kuni. Wanajenga vibanda vidogo, au wanaingia kwenye vile vilivyoachwa na msafara uliotangulia, na sehemu za hatari wanazungushia boma la miiba. Walikaa kwa vikundi vidogo vya watu wachache, kila kikundi na chungu chake na moto wake. Mpagazi alibeba mzigo wa tajiri, na juu ya huo akabeba vya kwake: mkeka, kibuyu, chungu, akiba ya chakula. Wengine walisafiri na wake zao, wakina mama wakibeba vyombo na kupika, na watoto wakifuata. Ukiangalia vizuri, kijiji kizima kilikuwa kinahama kila asubuhi. Hema la Mzungu lilikuwa nyumba moja tu ndani ya kijiji hicho.

Nilipowarudishia jibu hilo, yule binti akasema, "Kwa hiyo wao walibeba nyumba mbili." Nikaliandika ubaoni.

Sitaki nipambe. Si kila aliyebeba alikuwa amekubaliana ujira. Njia hii hii walipita watumwa, wengine wamefungwa, wengine wakibebeshwa pembe za ndovu mpaka pwani wakauzwe pamoja nazo. Kisabengo mwenyewe alikuwa mtekaji wa watu. Na palikuwa na watumwa wa pwani waliojiajiri upagazi, sehemu ya ujira inakwenda kwa bwana. Mpagazi huru na mtumwa waliweza kulala kambi moja na kunywa kisima kimoja, na mwalimu anayefundisha upande mmoja tu atakuwa amepotosha.

Majina machache yamebaki. Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyetekwa utotoni, akauzwa, akapelekwa India, akarudi huru Zanzibar. Huyu alikwenda na Burton na Speke mwaka 1857, na Speke na Grant 1860, na Stanley 1871, na Verney Lovett Cameron 1873 mpaka bahari ya magharibi. Safari zote 4 zilipita pande hizi za Uluguru. Niambieni Mzungu gani wa wakati ule aliijua njia kuliko yeye. Kuna Chuma na Susi, ambao pamoja na wenzao waliubeba mwili wa Livingstone kutoka Zambia ya leo mpaka Bagamoyo, wakafika Februari 1874. Baada ya hapo ni kundi kubwa lisilo na majina, makumi ya maelfu ya watu kila mwaka.

Kisha chuma kikaja. Wajerumani walianza reli Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Morogoro 1907, Tabora 1912, Kigoma 1914. Kila kituo kilipofunguliwa, kipande cha njia ya msafara kilikufa. Ungedhani wapagazi wamepumzika. Wapi! Mwaka huo huo wa 1914 vita ikaanza, na jeshi linalopita msituni linahitaji wa kulibebea. Safari hii hapakuwa na kirangozi wala makubaliano ya ujira, watu wengi walikamatwa vijijini tu. Waingereza waliingia Morogoro tarehe 26 Agosti 1916, Wajerumani wakarudi nyuma kupitia Uluguru kuelekea Kisaki, yaani kule kule kwa Zungomero ya Burton. Ile milima tunayoipiga picha kutoka hosteli, watu waliipanda na masanduku ya risasi na unga, njaa, malaria na kuhara vikiwamaliza. Wanahistoria wanakadiria kwamba wapagazi wa upande wa Waingereza peke yao waliokufa katika vita ile wanakaribia 100,000. Kariakoo ya Dar imepata jina lake kutokana na kikosi hicho cha wabeba mizigo. Tunakwenda kununua viatu, hatujui tunatamka nini.

Hapa Morogoro kuna makaburi ya vita yanayotunzwa na Tume ya Jumuiya ya Madola. Safi kabisa, mawe yamepangwa, majina yamechongwa. Ya askari. Aprili 2021 tume hiyo ilitoa ripoti na kuomba radhi, ikikiri kwamba watu wasiopungua 116,000 wa Afrika Mashariki na Misri waliokufa katika vita ile, na huenda mpaka 350,000, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Ilichukua zaidi ya miaka 100 kwa ofisi ile kulijibu swali la darasani: huyu aliyebeba alilala wapi? Huyu alilala porini, na hakuna jiwe.

Leo njia ni ile ile, vyombo ndivyo vimebadilika. Tarehe 14 Juni 2024 treni ya umeme ilianza kubeba abiria kati ya Dar na Moro, saa mbili hivi umefika. Barabara ya kwenda Zambia inapita malori usiku na mchana. Lakini amkeni alfajiri mwangalie njia zinazoshuka kutoka mlimani, mtawaona akina mama wa Kiluguru na mikungu ya ndizi, mboga na matunda kichwani, wanawahi Soko la Chifu Kingalu. Nendeni Kilimanjaro mkaone vijana waliobeba hema, meza na viti vya watalii; huko angalau kuna kanuni ya kilo 20. Kwa hiyo wapagazi bado tunao.

Wenzangu wa ualimu, TP inakuja tena Julai. Mkifika kwenye mada ya misafara, chora mishale yako kama kawaida, halafu waulize watoto mambo matatu: nani alibeba, alilipwa nini, alilala wapi. Waache wabishane. Na kwa wale mlioko Moro, Jumamosi hii asubuhi nakwenda na washkaji wawili kando ya Ngerengere kuongea na wazee wa huko, tuwasikie wanasemaje kuhusu Simbamwene. Anayetaka kuja avae viatu vya kutembelea, na mzigo wake atabeba mwenyewe.